Kitabu Kilichokosa Majani ya Mwisho
Mhadhara uliosomwa mbele ya wasomaji wa Mutwanga, chini ya Mlima Ruwenzori



Siku moja ya mvua, nikiwa nimeketi pale njia panda nikimngoja mwendesha pikipiki amalize kula muhogo wake, mama mmoja mwuza mawese aliyekuwa kando yangu alikitazama kitabu nilichokishika, akanitazama na mimi, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuulizwa hata na mkaguzi: "Mwalimu, hicho unachosoma kinasema nini, na wewe mwenyewe unakionaje?" Nusu ya kwanza ya swali nilimjibu bila ya taabu, maana kueleza yasemwayo na vitabu ndiyo kazi inayonilisha, lakini nusu ya pili ilinifunga ulimi, nikawa natafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko ya koti la kuazima. Alinisubiri kwa staha, akaona sina kitu, akasema kwa upole ule wa wazazi wetu, "Basi hujakimaliza." Nami nilikuwa katika ukurasa wa mwisho.

Haya nitakayoyasema leo ni jibu langu kwa mama yule. Limechelewa, na huenda hayumo humu ndani, kwa kuwa leo ni siku ya soko. Lakini deni ni deni.

Sisi watu wa Mutwanga tukikutana huulizana habari za njia, bei ya kakao, na namna usiku ulivyokuwa; na maswali haya si ya upuuzi, kwani kwayo mtu huamua asafiri au akae, avune au angoje. Walakini ni nadra kusikia mtu akimwuliza mwenzake, "Unasoma nini siku hizi?" na aliyeulizwa akajibu bila ya kudhani kwamba anapimwa. Mgeni akiona hivyo aweza kukata shauri kwamba hapa hapasomwi, naye atakuwa amekosea. Tangu maji ya mto Butahu yalipoanza kutuzalishia umeme mwaka 2013, taa zimekuwa zikiwaka katika nyumba ambamo zamani kitabu kilifungwa pamoja na kutua kwa jua. Biblia ni ya kwanza, wala haina mshindani. Baada yake vijitabu vya Zamenga Batukezanga, mwana wa Luozi, vilivyopigwa chapa Kinshasa na matbaa ya Saint-Paul, vikaivuka nchi nzima vikichakaa njiani. Na baada ya hivyo riwaya za Kiswahili zinazoingia kwa Kasindi, mpakani, ndani ya mizigo ya wafanyabiashara watokao Kampala na Nairobi, zikiwa zimelaliwa na sabuni na betri za redio. Kusoma tunasoma. Tusilolifanya ni kusemezana.

Sababu yake, kwa rai yangu, si uvivu wala uchache wa vitabu, ijapokuwa vitabu ni vichache kweli. Sababu yake ni malezi. Shule zetu zilitufundisha kufupisha. Mwanafunzi wa sekondari atakutajia jina la mwandishi, mwaka wa kuzaliwa kwake, wahusika wakubwa na wadogo, na mafunzo matatu yapatikanayo katika hadithi, yote kwa Kifaransa kilichonyooka. Lakini mwulize kama kitabu kilimpendeza, atautazama mlango. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba ana haki ya kuchoshwa na kitabu. Na hapa sina budi kukiri kosa langu mbele ya hadhara: niliwahi kumkata kijana mmoja alama nne kwa kuandika kwamba shairi nililowasomesha lilikuwa refu kupita haja, na kwamba mtunzi alikwisha sema lake katika beti mbili za mwanzo. Nimelirudia shairi lile mara nyingi tangu siku hiyo. Yule kijana alisema kweli. Na kama yumo humu leo, alama zake nne namrudishia, pamoja na riba.

Kuna na jambo la lugha. Kitabu kwetu aghalabu hukaa katika Kifaransa, lugha ya ubao na ya ofisi. Rai hukaa katika Kinande, lugha ya mekoni na ya matanga, na katika Kiswahili, lugha ya soko na ya barabara. Basi mtu akitaka kusema alivyokiona kitabu hana budi kuibeba rai yake kutoka nyumba hii hata ile, na kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakiwa kupita kiasi kwenye mteremko, hufika na nusu ya mzigo. Ndiyo maana nimechagua kusema nanyi kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha vitabuni, ambacho baadhi yenu mtakiona kimevaa nguo za sikukuu. Sisi wenyewe nyumbani kitabu hukiita buku, wala hatuoni haya. Na mtu akinijibu baadaye kwa Kiswahili chetu cha Kongo, au kwa Kinande, atakuwa amenijibu kwa ufasaha kamili.

Wala desturi ya kusemezana si ngeni kwetu. Wazee wa Kinande walikuwa na kyaghanda, mahali pa moto ambapo wanaume walikutana jioni, neno likazungushwa kutoka mdomo hata mdomo kabla ya kuamuliwa, na kijana akajifunza kwamba kusikia ni nusu ya kusema. Watu wa pwani nao walikuwa na baraza, zile sakafu za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa kwa sauti na mmoja aliyejua herufi likajadiliwa na wengi wasiozijua. Watu hao wasiojua herufi walikuwa wasomaji kuliko mimi wa pale njia panda. Lakini kyaghanda na baraza vilikuwa na upungufu mmoja, kwamba wanawake walikaa nje yake. Na aliyenifunza mimi ni mwanamke, mwenye dumu la mawese.

Historia ya nchi yetu mintarafu ya rai ni chungu. Mwaka 1945, katika jarida la La Voix du Congolais lililokuwa ndiyo kwanza limeanzishwa, Paul Lomami Tshibamba aliandika makala akiuliza Mkongo atakuwa na mahali gani katika ulimwengu wa kesho. Swali lile, ambalo leo mtoto wa shule angeliuliza bila ya kuinua mkono, lilimtia mwandishi katika mateso ya watawala. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, mtu huyu huyu alipata tuzo katika maonyesho ya kikoloni ya Brussels kwa ajili ya hadithi yake, Ngando. Na mwaka 1950 tunamkuta Brazzaville akiliongoza jarida la Liaison. Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana: rai iliyosemwa wazi ilimletea adhabu, na hadithi ikamletea tuzo. Waliomtuza, nadhani, waliona mamba na wachawi na mto mkubwa wenye giza, wakadhani ni masimulizi ya kustarehesha. Hadithi yenyewe ni ya mtoto aliyeacha shule siku moja akaenda kuoga mtoni, akachukuliwa na mamba. Niliwahi kuisimulia mbele ya watu wa hapa, nikitarajia waseme juu ya uchawi, hakuna aliyeutaja. Mzee mmoja alisema mtoto mkaidi hujitafutia mamba wake mwenyewe. Akajibiwa na mwendesha pikipiki, mtu aliyeacha shule katika mwaka wa nne, kwamba mtoto akimbiaye shule aulizwe kwanza amekimbia nini. Wakabishana mpaka chai ikapoa, nami nikatambua kwamba nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo mara tatu bila ya kuliona swali hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenileta hapa.

Lipo Mutwanga kundi la watu tisa, wakati mwingine kumi na wawili, lisilo na jina wala mwenyekiti wala muhuri, jambo ambalo katika nchi yetu ni ajabu peke yake. Hukutana Jumapili baada ya ibada, chini ya varanda ya mmoja wetu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na Mwislamu mmoja ambaye Kiswahili chake kinatushinda sote. Kitabu kilichotukusanya ni Siku Njema cha Ken Walibora, riwaya iliyotolewa Kenya mwaka 1996, ambayo ilitufikia nakala moja tu, kwa njia ile ile ya Kasindi. Kila mtu alipewa siku nne. Kilipofika mikononi mwa mtu wa sita ikaonekana kwamba majani ya mwisho hayamo: mtoto wa mmoja wetu, ambaye jina lake halitatajwa kwa kuwa ameketi pale mbele, aliyachana akayapeleka kwa mama mwuza karanga, naye akayafanya vifuko kama afanyavyo kwa kila karatasi aipatayo. Jani moja tuliliokoa. Lilikuwa limelowa mafuta hata nyuma yakaonekana ya mbele, na kilichosomeka juu yake ni nambari ya ukurasa.

Mtu wa sita akasema, "Si kitu, waliokwisha soma watatuambia mwisho." Tulikuwa watano. Tukasimulia mmoja mmoja, na miisho yetu haikufanana. Mmoja wetu, mfanyabiashara, alikumbuka kwa uwazi mkubwa habari za mali. Mwenzake hakukumbuka mali yoyote, akakumbuka machozi. Dada mmoja alikumbuka arusi. Na mimi, niliyekuwa mwalimu, nilikuwa nimeuhifadhi mwisho kama somo, umenyooka kama rula, na sina hakika kama niliutoa kitabuni au kichwani mwangu. Mwisho wa kweli sitausema hapa, kwa heshima ya wale wasiousoma. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule nilielewa kwa nini yule mama aliuliza maswali mawili badala ya moja. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba yasemwayo na kitabu ni ya wote, na ninavyokiona ni vyangu, na kwamba la kwanza ni elimu na la pili ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Kumbe mtu asipoyasema ya pili mbele ya mwenzake, hata ya kwanza humgeukia kimyakimya, yakachukua sura ya haja zake, naye asijue.

Hadithi yenyewe, kwa wasioijua, ni ya kijana Msanifu Kombo, aliyepewa lakabu ya Kongowea Mswahili kwa ajili ya umahiri wake katika lugha yetu. Mama yake, Zainabu Makame, alikuwa mwimbaji wa taarabu, akafa, na kijana akaondoka Tanga akavuka mpaka kwenda Kitale, Kenya, kumtafuta baba asiyepata kumwona. Huko walikosoma kitabu hiki madarasani, nadhani safari hii huhesabiwa kuwa ni msuko wa riwaya. Huku kwetu, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misiba ilipozidi kuzifuata barabara za sekta yetu ya Ruwenzori, watu wakawa wanalala Bulongo leo na kesho Kasindi, mtoto anayemtafuta mzazi wake si msuko wa mtu. Tulikisoma kitabu kile kama barua.

Katika Jumapili ya pili tulikuwa tukimsifu Kongowea kwa ushujaa wake wa kumtafuta baba, kila mmoja akiongeza sifa juu ya sifa, kama ifanyikavyo matangani. Alikuwapo kijana mmoja wa miaka kumi na saba hivi, aliyekuja Mutwanga kutoka kijiji ambacho watu wake wote waliondoka, na ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amesema neno ila salamu. Alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likitoka refu bila ya kukatika, macho yake yako kwenye ganda. Akasema, "Mimi nisingekwenda. Baba ndiye aliyepaswa kumtafuta." Ganda likakatika. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha yule Mwislamu wetu akamjibu kwa upole kwamba pengine baba hakujua pa kuanzia. Na kijana akasema kwamba Tanga haikuhama. Mama mwenye nyumba akaingia na la kwake, kwamba kuna wazazi ambao haya huwazuia kuliko umbali. Jambo hili lilituchukua Jumapili tatu. Sote tulijua kwamba haikuwa habari ya Kongowea peke yake iliyokuwa ikisemwa, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo, na kwa kuwa halikutajwa, kijana aliweza kuendelea kusema.

Mabwana na mabibi, tunaishi mahali ambapo rai juu ya watu walio hai hupimwa kwanza kwenye ulimi kama dawa isiyojulikana kipimo chake. Tangu tarehe 6 Mei 2021 ulipoanza ule utawala wa kijeshi tunaouita état de siège, na hata kabla yake, mtu akisema lake barazani jirani hujiuliza amesema kwa niaba ya nani. Lakini mtu wa kitabuni hana jeshi wala jamaa. Waweza kumlaumu, kumtetea, kumwita mwoga, na kesho ukabadili shauri; hatakufuata nyumbani. Tuliposoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, tukamkuta Karama amesimamishwa mbele ya baraza la mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe uanasheria, akijitetea siku baada ya siku kwa kuwasimulia mashujaa sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na faida kwa nchi yao wakalipwa kwa kufungwa. Mfanyabiashara wetu, mtu mpole ambaye hajapata kusema neno juu ya serikali yoyote, alisimama akasema kwa hasira kwamba wajumbe wale walikuwa wajinga, kwa kuwa wa kwanza alipofungwa wa pili alipaswa kubaki ugenini. Akaulizwa, "Na nchi nani angeijenga?" Akaketi. Baada ya kitambo akasema, "Hilo ndilo linalonikasirisha." Sijui kama mhakiki wa chuo kikuu amekisema kitabu hicho kwa maneno machache kuliko hayo.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, nusura kituvunje. Ni habari ya binti wa Ukerewe ambaye baba yake, mlevi, alimlinda na wavulana kwa kiboko, akaenda masomoni, akaharibikiwa, akajiua. Wanaume tulianza kwa kupanga makosa ya Rosa kwa utaratibu, kama karani apangaye magunia. Mama mwenye nyumba alisikiliza, akaondoka akaenda kugeuza sombe jikoni, akarudi na mwiko mkononi, akauliza kama kuna mwanamume mmoja kati yetu aliyekwisha taja kosa la baba. Hatukuwa tumelitaja. Jumapili iliyofuata wawili hawakuja.

Ninalitaja hilo ili msidhani kwamba nawauzia asali. Rai huumiza. Na iko adabu yake, ambayo tumeijifunza kwa kuikosa: kwamba anayesema "kitabu hiki kibaya" aonyeshe ukurasa, kwamba asiyekimaliza aseme hivyo kabla ya kuanza, wala asidhihakiwe, na kwamba sifa iliyoazimwa kwa padri au kwa mwalimu irudishwe kwa mwenyewe. Hii ya mwisho ndiyo ngumu, hususan kwangu.

Iko pia haja ya kuvisema vitabu vilivyoandikwa juu yetu na wageni, kwani hivyo ndivyo tunavyoviogopa zaidi. Mbelgiji David Van Reybrouck alitoa mwaka 2010 historia kubwa ya Kongo, ikatafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 2012, kitabu kinene cha kutosha kuzuia mlango wakati wa upepo. Ndani yake yumo mzee wa Kinshasa, Nkasi, aliyemwambia mwandishi kwamba alizaliwa mwaka 1882. Hesabu hiyo yampa miaka mia na ushei alipohojiwa, ushei ambao ni mkubwa mno. Kundi letu likagawanyika: wengine wakasema mwandishi amedanganywa, wengine wakasema mzee hakudanganya bali alihesabu kwa misiba, na bibi mmoja wa makamo, aliyesomewa kurasa chache tu, akasema kwamba hata kama miaka ile si yake yote, kuna mtu aliyeiishi, akampa. Huyo bibi hajui Kifaransa. Kadhalika tunaishi chini ya mlima ambao Wabelgiji waliupanda mwaka 1932, wakiongozwa na Xavier de Grunne, wakapitia bonde letu la Butahu, wakaandika kitabu kikubwa juu ya theluji zake. Na waliowabebea mizigo walikuwa babu zetu. Natamani kusikia kitabu hicho kikisemwa hapa, na wajukuu wa wapagazi, kwa Kinande, kwa sauti kubwa.

Nimesema mengi, na kahawa inangoja. Limebaki jambo moja la habari. Juma lililopita dada mmoja aliyekwenda Kampala kwa biashara ya viatu alituletea nakala nzima ya Siku Njema, na ndiyo hii juu ya meza, imefungwa katika kikwembe. Majani yake ya mwisho yamo. Nimeyahesabu bila ya kuyasoma, na katika ualimu wangu wote sikupata kufanya jambo gumu kama hilo. Tumeafikiana kwamba atakayeanza nayo ni yule kijana wa chungwa. Alipokuja jana jioni kuniuliza habari zake alisimama nje, akakataa kiti, akataka kujua jambo moja tu, kama akimaliza atatakiwa kuandika muhtasari. Nilimwambia hapana.